Opio, Odongo na Tanuri Namba Mbili

Jumatatu, 3 Juni 1996

Nimepima matanuri yote mawili kabla mikate ya pili haijaingia. Tanuri 1 safi. Tanuri 2 bado linanisumbua. Sumu ya moshi imepanda tena, karibu maradufu ya wiki jana. Dizeli haiungui yote. Inatoka bombani nusu mbichi.

Nimeweka lebo. Mashine hii ya mkononi inakubali herufi nane tu kwa kila kipimo, na kila herufi unaitafuta kwa mshale. Juu, chini, juu. TANURI 1. TANURI 2. Zinaenea kabisa. Ukishabonyeza kuhifadhi, hakuna kufuta. Hapo ndipo ninapoipenda. Watu wangekuwa hivyo tungepumua.

Nahesabu kuanzia mlangoni. La karibu ni 1, la ndani kabisa ni 2. Mwenye macho hahitaji maelezo.

Boss, Mzee Makokha, amesema namba mbili ibadilishiwe nozo Alhamisi na bomba lake lisafishwe. Nozo ni kile kijishaba chenye tundu kinachopuliza dizeli ndani ya moto. Kidogo, lakini ghali, na kinauzika haraka hapa mpakani. Kazi atafanya Omuse, fundi wetu. Mimi sitakuwepo. Jumanne hadi Alhamisi niko kwenye tawi letu la Malaba, kama kila wiki. Mashine nitaiacha hapa Busia ili Omuse apime akimaliza.

Omuse huyo. Simpendi na sioni sababu ya kujificha hata humu. Mdogo wangu Nafula ana mimba yake ya miezi mitano. Wazee wao kutoka Amukura wanakuja kwetu Busibwabo Jumamosi tarehe 29 kujitambulisha. Miezi mitano ndipo wamekumbuka njia. Mwanamume anayechelewa kufika kwa wakwe, huchelewa kwa sababu.

Nozo nimeichora W ndogo, herufi ya jina langu, ubavuni kwa msumari kabla ya kumpa. Hakuona.

Ijumaa, 7 Juni

Nimerudi. Nimefungua mashine. Lebo zake: OPIO na ODONGO.

Nimekasirika mpaka nikacheka. Wafanyakazi wanayaita matanuri hayo Opio na Odongo kwa sababu yalikuja siku moja kwenye lori moja, pacha. Sawa, kwa utani. Lakini lebo ya mashine? Boss alinipeleka kozi Kisumu ili nije nisome majina ya watoto?

Haya. Opio ndiye pacha anayetangulia, Odongo anafuata. Hilo halihitaji kozi. Opio ni 1, Odongo ni 2. Kipimo chake cha ODONGO ni kizuri. Kizuri mno. Kuliko siku tanuri lilipokuwa jipya.

Kizuri mno kinanitia shaka kuliko kibaya.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepima mwenyewe. Tanuri 2 ni bovu kama lilivyokuwa. Limezidi kidogo.

Nimepima tena baada ya chai. Vilevile.

Basi nozo mpya haimo. Na kipimo cha ODONGO? Rahisi. Alichomeka mkuki wa mashine, ile fimbo yake ya kupimia, kwenye bomba la tanuri zima, akaandika jina la gonjwa, na gonjwa akaliita OPIO. Lebo inakubali chochote unachoiambia. Mashine haidanganyi, ila haimjui aliyeishika.

Nafula analalamika kichwa. Anafanya kazi chumba cha kuumulia, nyuma ya tanuri la ndani, pale vinyunya vinapongojea kuumuka. Kuna joto humo. Mimba na joto havipatani. Nimempa vidonge.

Ijumaa, 14 Juni

Nimempelekea boss vipimo vyangu na vya Omuse. Ameviangalia kwa muda mrefu. Akasema, “Wilbroda, mashine ni moja, watu ni wawili. Sasa nani ananidanganya?”

Nikamwambia anipe muda nitamwonyesha. Akaitikia. Tanuri likaendelea kuwaka.

Ningeweza kumwomba alizime. Nimelifikiria hilo. Lakini likizimwa, Omuse ataona tumeshtuka, na nozo itarudi mahali pake kimyakimya kama panya. Namtaka akiwa nayo mkononi. Na moshi wenyewe unapanda bombani na kwenda zake juu. Hasara ni ya dizeli ya boss.

Omuse amenisalimu mlangoni. “Dada, habari ya Malaba? Sasa Odongo si anapumua vizuri?” Na meno yote nje. Nikamjibu nzuri.

Jumapili, 16 Juni

Nyumbani. Nafula ameamka vizuri, ameimba kanisani, amekula ugali kama mpiga jembe. Kichwa hakimuumi. Nimegundua kitu: Jumapili hakimuumi kamwe. Jumamosi jioni kinaanza kupoa, Jumatatu saa nne kinarudi.

Jumapili Omuse hayuko machoni pake. Hiyo ndiyo tofauti.

Nafula anajua. Anajua habari ya nozo na inamkaa kichwani. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ninalala naye chumba kimoja.

Baada ya chakula nimemwambia Baba. Nimesema Omuse ni mwizi wa kazini, bado kidogo tu nimshike. Baba aliacha kuchokoa meno. Aliuliza kama nina hakika. Nikasema mashine imeandika. Baba haijui mashine yangu, lakini anajivunia nayo kwa majirani, basi akaamini. Nafula alikuwa kisimani. Sikujisikia vibaya. Nilijisikia kama mtu aliyetua mtungi.

Jumatano, 19 Juni

Malaba. Malori yamejipanga mpaka nje ya mji, forodha wanafanya kazi kwa mwendo wa kinyonga. Wakati wa mapumziko nimevuka kwa miguu upande wa Uganda. Kuna kibanda cha vipuri nyuma ya wale wabadilisha pesa. Nimeuliza nozo za vichomeo vya mkate.

Mwenye kibanda akafungua kopo. Zimo. Saizi yetu hasa. “Nyabo, hizi ziko mingi. Watu wa Kenya wanaletaga, wengine wananunuaga. Mimi siulizi mutu.”

Haulizi mtu! Nimezigeuza moja moja kutafuta W. Haimo. Imeshauzwa, bila shaka. Kuna wauza mikate wa Tororo, wa Mbale, wote wana matanuri.

Omuse nyumbani kwao ni Amukura. Kutoka Amukura mpaka kibanda hiki ni baiskeli tu. Nimeshangaa nilikuwa nangoja nini.

Ijumaa, 21 Juni

Imekwisha. Omuse amefukuzwa.

Boss alituita wote wawili ofisini. Nikaeleza: nozo ilitoka, tanuri halijapona, kipimo chake ni cha uongo, na Malaba nozo kama hizo zinauzwa kwa kopo. Boss akamgeukia.

“Boss, mimi niliweka hiyo nozo kwa Odongo. Na mkono wangu. Bomba nikasafisha, masizi nikatoa debe mzima.” Kisha akanigeukia mimi. “Dada, si uende upime Odongo? Tuende saa hii.”

“Nimempima Odongo tangu wiki jana,” nikasema. “Kila siku niliyopo hapa nampima. Ni mgonjwa.”

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jua ni baridi. Mwigizaji mzuri. Boss akaukata mshahara wake pale pale, akamwambia aache ufunguo wa stoo. Omuse alitoka bila kelele. Mwizi wa kweli hapigi kelele, nilisoma mahali au nimejiambia mwenyewe.

Jioni nimerudi nyumbani na Nafula. Tumekaa kwenye boda boda mbili, baiskeli yake mbele, yangu nyuma. Nimeutazama mgongo wake mpaka Busibwabo.

Jumamosi, 22 Juni

Baba ametuma mtu Amukura. Ujumbe: wasije tarehe 29. Hatupokei wezi.

Nafula amelia. Baba amemwambia mtoto atalelewa hapa, hana shida na mtoto. Nimekubaliana naye kwa sauti. Mtu lazima asimame.

Jumatatu, 24 Juni

Fundi mpya hajapatikana. Nimemwomba boss tuzime namba mbili mpaka apatikane. Akasema shule zimeagiza, akina mama wanaouza ng’ambo ya mpaka wameagiza, na moshi haujamuua mtu. Sikushindana naye. Nilikuwa nimeshinda Ijumaa, nikaona inatosha.

Nafula macho mekundu. Anatembea akishika ukuta. Ametapika mara mbili. Kilio cha mapenzi, nikasema. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba machozi hayaumui unga. Walicheka kidogo. Sasa ninavyoandika sioni cha kuchekesha.

Jumanne, 25 Juni



Sikwenda Malaba leo kwa sababu hakuna fundi. Saa tano Wekesa, yule anayekanda unga, aliingia chumba cha kuumulia kuchukua trei. Akatoka akipiga yowe. Nafula alikuwa chini kati ya rafu. Midomo imepauka, mwili mlegevu. Tulimtoa nje tukamlaza kwenye nyasi. Dereva mmoja aliyekuwa anangoja kuvuka aliacha lori lake kwenye foleni, akatupeleka hospitali kwa gari la rafiki yake. Sikumuuliza jina.

Wamemtia mpira wa hewa puani. Daktari akauliza kama huwa analala na jiko la makaa ndani. Nikasema hapana. Akauliza anafanya kazi wapi. Nikamwambia.

Sikuwa na haja ya kuambiwa mengine. Nina cheti cha Kisumu cha jambo hilihili. Kichwa, kutapika, kulewa bila pombe, na Jumapili nafuu. Yote niliyaona. Niliyaona na nikayapa jina lingine.

Mtoto hawajui bado.

Jumatano, 26 Juni

Alfajiri nimeenda kazini. Nimezima tanuri la ndani mimi mwenyewe. Boss akipenda anifukuze.

Nimesimamisha mashine katikati ya chumba cha kuumulia, hewani tu, si bombani. Tanuri lilikuwa limezimwa lakini namba bado ilipanda. Nimesogeza rafu ya mwisho. Nyuma yake kiungo cha bomba kimeachana na ukuta, pengo la kuingiza kidole, masizi yametapakaa mpaka darini. Mtu angesafisha bomba hilo angeliona. Kipimo nimekihifadhi bila lebo. Vidole vilikataa kutafuta herufi.

Hapo hasira yangu kwa Omuse ilipanda tena. Hakusafisha! Hakugusa! Nikaamua kutoa nozo ya tanuri zima, Tanuri 1, niilinganishe na ile ya bovu, ili boss aone tofauti kwa macho yake. Nikafungua kichomeo cha tanuri la mlangoni.

Nozo inang’aa. Mpya. Ubavuni ina W.

Nilikaa sakafuni.

Wekesa alinikuta hapo. Nikamwonyesha tanuri la mlangoni nikamuuliza linaitwa nani. “Huyo ni Odongo, dada.” Kwa nini Odongo? “Si alishuka wa pili? Siku ile lori ilikuja, ule alishuka kwanza tulimsukuma mpaka ndani kabisa, ndiyo huyu apate nafasi ya mlango. Wa kwanza kutoka ni Opio. Kwani pacha mnahesabu aje kwenu?”

Kwetu tunahesabu hivyohivyo. Anayetoka kwanza ni Opio, hata akilazwa wapi.

Nikamuuliza mbona hawakuniambia. Akasema siku hiyo nilikuwa Malaba, na tangu hapo sijauliza.

Kwa hiyo boss alisema namba mbili, na Omuse akaenda kwa wa pili. Akaweka nozo. Akatoa masizi debe zima. Akapima, akaandika jina la kweli la tanuri alilotengeneza. Kila alichosema ofisini kilikuwa kweli. Na mimi pia sikusema uongo. Nilimpima Odongo wangu, yeye akamtengeneza Odongo wake, na Nafula alikuwa nyuma ya Opio akivuta sumu.

Alhamisi, 27 Juni

Hospitali. Mtoto yuko hai. Muuguzi ameweka kile kipaza chake tumboni, akatafuta, akatafuta, kisha akaitikia kwa kichwa kuwa yupo, moyo unapiga. Hakuna anayeweza kuahidi zaidi ya hapo.

Nimemweleza Nafula kila kitu. Kuhusu majina, W, pengo ukutani. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama ninavyomweleza boss. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageukia upande wa pili. Nimekaa hapo na machungwa yangu mpaka muda wa wageni ulipokwisha.

Ijumaa, 28 Juni

Nimemwambia boss. Amekuna kidevu. Amesema ni bahati mbaya, ameshapata fundi kutoka Bumala na hawezi kumrudisha mtu nyuma. Ila lile bomba limefungwa vizuri sasa. Mshahara wa Omuse alioukata ataulipa. Alitaka nimshukuru.

Nimemwambia Baba jioni. Alikuwa anasikiliza habari, akapunguza sauti ya redio. Nikasema Omuse hakuiba, nilikosea mimi, nozo imepatikana. Baba akauliza imepatikana wapi. Nikasema ndani ya tanuri. Akacheka kwa pua. “Akisikia mambo yamechemka, ameirudisha. Siku za mwizi ni arobaini, lakini wengine wanajua kuhesabu.”

Nikaeleza juu ya pacha. Nikachora chini kwa kijiti, mlango hapa, tanuri hapa. Akatazama mchoro kwa adabu. Kisha akasema ninamtetea kwa ajili ya mdogo wangu, na huo ni moyo mzuri, lakini lisemwalo lipo. Akapandisha redio.

Hayo ndiyo mawazo yangu mwenyewe ya wiki jana. Neno kwa neno. Sikujua yakitoka kinywani mwa mwingine yananuka hivyo.

Jumanne, 2 Julai

Malaba. Nimemtafuta Omuse. Nimemkuta kwenye maegesho ya malori, chini ya trela, miguu nje. Nimeanza kuongea na miguu. Nikaona ni aibu, nikachuchumaa mpaka nikauona uso.

Nimeomba msamaha. Nimesema wazi: nilikuita mwizi, hukuiba, karibu nimuue Nafula na mtoto. Hakuacha kufunga nati.

“Nimesikia, dada. Nafula aliniletea habari na mutu.” Akanyoosha mkono, nikampa spana iliyokuwa karibu yangu. “Mimi sina maneno na wewe. Lakini wazee walikuwa wamenunua mpaka blanketi. Wakaambiwa wasikuje, nyinyi ni wezi. Mbele ya watu. Sasa hao hawawezi kuja kwenu tena, hata ukibeba kwa gari.”

Nikasema nitaenda Amukura mimi mwenyewe niwaeleze.

“Utaeleza boma yetu. Na jirani? Na kanisa? Utaenda nyumba kwa nyumba, dada?”

Nikasema nitaenda. Akanitazama kwa mara ya kwanza, si vibaya. Akasema spana hiyo si yenyewe, nimpe kubwa yake.

Alhamisi, 4 Julai

Nimeenda Amukura. Mama yake alinikaribisha, akanipa kiti, akanipa chai. Nimesema niliyokwenda kusema. Alisema asante kwa kuja. Hakuna aliyenifokea. Nilitamani angalau mmoja anifokee.

Nyumba kwa nyumba sikwenda. Nilifika ya kwanza ya jirani, mbwa akabweka, nikageuka.

Jumapili, 7 Julai

Nafula ameondoka leo. Ametoka hospitali Ijumaa, amelala kwetu siku mbili, asubuhi baada ya misa amefunga nguo zake. Hakugombana na mtu. Anakwenda kukaa kwao Omuse, bila wazee kuonana, bila chochote. Nimembebea sanduku mpaka barabarani. Nilimwambia awe anakaa nje penye hewa, jioni apunge upepo. Akasema sawa. Kijana wa boda boda alifunga sanduku kwa kamba ya mpira, Nafula akapanda upande, mkono mmoja tumboni.

Akaniambia nimwangalie Baba. Ndiyo maneno tuliyoagana nayo.

Jioni nimepika. Baba aliuliza amekwenda kwa nani. Nikasema kwa Omuse.

“Kwa yule mwizi?”

Nikamwambia, Baba, si mwizi. Nimekwambia.

Alinawa mikono taratibu, akavuta sahani. Hakuwa na ubaya wowote usoni, alikuwa baba yangu tu, amechoka. Akasema, “Lakini si wewe ndiye uliyeniambia?”

Nikampakulia mboga.